Toyota Wish: Gari la familia lililouzwa kote Asia na kupata makao Afrika Mashariki

KATIKA barabara nyingi za Kenya, kuanzia mitaa ya Nairobi hadi vituo vya magari katika miji ya mashambani, ni vigumu kutembea kwa dakika chache bila kupishana na gari la Toyota Wish. Gari hili la viti saba, ambalo ni fupi kuliko Noah lakini refu kuliko magari mengi ya kawaida, limekuwa chaguo la wazazi wenye watoto kadhaa, wafanyabiashara wadogo, madereva wa teksi na hata wahudumu wa usafiri wa umma.

Hata hivyo, Wish halikuundwa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Lilibuniwa nchini Japani kwa ajili ya Wajapani, kisha likauzwa katika mataifa machache ya Asia pekee. Lilifika huku likiwa limekwisha kutumika, na kwa hivyo lile linaloegeshwa leo katika yadi za Mombasa au Nairobi lina historia ndefu ambayo mnunuzi aghalabu haijui.

Historia hiyo ina umuhimu sasa kuliko wakati mwingine wowote. Toyota iliacha kuunda Wish mnamo Oktoba 2017, na kanuni za Kenya kuhusu umri wa magari yaliyotumika zimefunga njia ya kuingiza mengine kutoka ng'ambo. Anayetaka kununua Wish leo hana budi kununua lililokwisha kutumika humu humu nchini. Makala haya yanaeleza asili ya gari hilo, masoko lilikouzwa, tofauti za matoleo yake na mambo anayopaswa kuyazingatia mnunuzi.

CHIMBUKO LAKE

Magari madogo ya familia yenye safu tatu za viti yalianza kupata umaarufu mkubwa katika miaka ya tisini. Barani Ulaya, kampuni ya Renault ilizindua Scénic mnamo 1996, gari la viti vitano lililoonyesha kwamba familia inaweza kupata nafasi ya kutosha bila kununua gari kubwa. Mnamo 1999 Opel ya Ujerumani ikaleta Zafira, lenye viti saba ambavyo safu yake ya mwisho ililala na kufichika sakafuni.

Nchini Japani, Toyota ilikuwa imezindua Ipsum mnamo 1996. Lakini pigo kubwa kwa kampuni hiyo lilitoka kwa mshindani wake wa jadi, Honda, ambayo mnamo Oktoba 2000 ilizindua Stream. Gari hilo lilikuwa na viti saba ilhali lilikuwa chini kimo na jepesi kuendesha kama gari la kawaida. Wajapani wengi walilipenda.

Toyota ilijibu Januari 2003 kwa kuzindua Wish. Wadadisi wa masuala ya magari hawakukawia kutambua jambo moja: urefu wa Wish ulikuwa milimita 4,550, upana milimita 1,695 na kimo milimita 1,590. Vipimo hivyo vilikuwa sawa kabisa na vya Stream. Hapakuwa na shaka kuhusu gari lililokuwa likilengwa.

Upana huo wa milimita 1,695 nao haukutokea kwa bahati. Sheria za Japani huyagawa magari ya abiria katika makundi. Gari ambalo upana wake hauzidi milimita 1,700, urefu wake hauzidi milimita 4,700, kimo chake hakizidi mita mbili, na injini yake ya petroli haipiti ukubwa wa lita mbili, huwekwa katika kundi la magari madogo. Gari la kundi hilo pia hupita kwa urahisi katika vichochoro vyembamba vya miji ya Japani. Toyota ilijaza watu saba ndani ya mipaka hiyo.

Uzinduzi wenyewe uliandamana na matangazo makubwa ya televisheni. Wimbo "Colors" wa mwanamuziki mashuhuri wa Japani, Hikaru Utada, ambao ulitolewa mwezi huo huo wa Januari 2003, ulitumika katika matangazo ya gari hilo. Toyota ilikuwa ikiwalenga wazazi vijana ambao hawakutaka kuonekana wakiendesha basi dogo.

TOLEO LA KWANZA, 2003 HADI 2009

Toleo la kwanza lilijengwa juu ya msingi uleule uliotumiwa kwa magari ya Premio na Allion, ambayo pia yanafahamika sana nchini Kenya. Ndiyo sababu vipuri vingi vya magari hayo huingiliana, na mafundi wengi hawakupata taabu kulizoea Wish lilipoanza kuwasili.

Injini iliyotumika zaidi ilikuwa 1ZZ-FE ya ujazo wa sentimita 1,794, yenye nguvu-farasi 132. Injini hiyo hutumia mnyororo badala ya mkanda wa ndani unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa, na iliunganishwa na giaboksi ya otomatiki yenye hatua nne. Magari ya injini hii yana chesisi inayoanza kwa ZNE10, nayo yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne huanza kwa ZNE14.

Injini ya pili ilikuwa 1AZ-FSE ya lita mbili, yenye nguvu-farasi 155. Hii hupatikana katika magari ya chesisi ANE10 na ANE11. Tofauti yake kubwa ni kwamba hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mfumo ambao Toyota iliupa jina la D-4. Magari yenye injini hiyo yalipewa giaboksi ya CVT, ambayo haina hatua za gia za kawaida bali hutumia mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobadilika ukubwa.

Baadhi ya magari ya kiwango cha Z yalikuwa na viti sita badala ya saba, safu ya pili ikiwa na viti viwili vilivyotengana. Mnunuzi anayehitaji viti saba anapaswa kuhesabu mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya dalali.

Mnamo Septemba 2005 gari lilifanyiwa marekebisho ya sura, hasa taa na bampa. Wakenya wengi hutofautisha magari ya kabla na baada ya mwaka huo kwa kutazama taa za nyuma.

TOLEO LA PILI, 2009 HADI 2017

Aprili 2009 Toyota ilizindua toleo la pili. Umbo lilibaki lilelile kwa jumla, lakini mitambo ilibadilika sana. Injini ya lita 1.8 sasa ilikuwa 2ZR-FAE, nayo ya lita mbili ikawa 3ZR-FAE. Zote mbili zilitumia teknolojia ambayo Toyota huiita Valvematic.

Katika injini ya kawaida, kiasi cha hewa kinachoingia hudhibitiwa na kibao kinachofunguka na kujifunga pindi dereva anapokanyaga mafuta. Kibao hicho kinapofungwa nusu, injini hutumia nguvu nyingi kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo. Mfumo wa Valvematic hupunguza upotevu huo kwa kubadilisha kina ambacho vali za kuingizia hewa hufunguka, kulingana na nguvu inayohitajika. Matokeo yake ni kwamba petroli hutumika kwa uangalifu zaidi bila gari kupoteza nguvu.

Isitoshe, magari ya toleo hili yalitumia giaboksi ya CVT, yakiwemo yale ya lita 1.8. Chesisi zake huanza kwa ZGE20 kwa lita 1.8, ZGE25 kwa lita 1.8 yenye kusukumwa na magurudumu manne, na ZGE21 au ZGE22 kwa lita mbili. Gari lilirekebishwa tena mnamo Aprili 2012.

MASOKO TOFAUTI, SURA TOFAUTI

Ijapokuwa Toyota huuza magari karibu kila pembe ya dunia, Wish halikupelekwa kila mahali. Barani Ulaya, nafasi yake ilichukuliwa na Corolla Verso ya viti saba iliyozinduliwa mnamo 2004, na baadaye Verso kuanzia 2009. Nchini Indonesia na mataifa jirani, kampuni ilitegemea zaidi Innova, gari refu na gumu lililojengwa kwa ajili ya barabara mbovu na mizigo mizito. Kwa hivyo, Wish lilibaki kuwa gari la Asia Mashariki na sehemu za Kusini-Mashariki mwa Asia.

Nchini Thailand, Toyota ilianza kuliuza mwishoni mwa 2003 likiwa limeundwa humo humo. Lile la Thailand lilitumia injini ya lita mbili ya 1AZ-FE, ambayo ni ya kupuliza petroli kwa njia ya kawaida, tofauti na ile ya D-4 iliyouzwa Japani.

Nchini Taiwan, gari hili liliundwa na kampuni ya Kuozui, ambayo ni mshirika wa Toyota. Watu wa Taiwan huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hivyo usukani wa magari yao uko kushoto. Wish lilipata umaarufu wa kipekee huko, si kwa familia tu bali pia kwa madereva wa teksi. Kwa miaka mingi teksi nyingi za manjano za Taipei zilikuwa ni Wish. Uundaji wake ulipofikia tamati, Sienta ilichukua nafasi hiyo kuanzia 2016.

Singapore nayo ina hadithi yake. Katika nchi hiyo ndogo, anayetaka kumiliki gari hulazimika kwanza kununua cheti cha haki ya umiliki kwa njia ya mnada, na cheti hicho hudumu miaka kumi. Kwa sababu ya gharama hiyo, familia nyingi zililazimika kuchagua gari moja litakalotosha shughuli zote, na Wish likawa miongoni mwa magari yaliyoonekana kwa wingi. Miaka kumi ilipokaribia kutimia, mengi yalifutwa katika sajili na kuuzwa nchi za nje.

Hong Kong, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto kama Kenya, pia ilipokea magari haya.

NJIA YA KUFIKA KENYA

Kenya haikuwahi kuwa soko rasmi la Wish. Magari karibu yote yaliyomo nchini yaliletwa na waagizaji binafsi, hasa kutoka minada ya magari yaliyotumika nchini Japani, na kupitia Bandari ya Mombasa.

Sababu ya magari hayo kuwa nafuu na ya hali nzuri inatokana na sheria za Japani zenyewe. Gari jipya la abiria nchini humo hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baadaye kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, unaojulikana kama shaken, huwa na gharama kubwa. Wajapani wengi huona ni afadhali kuuza gari kuliko kuendelea kulilipia. Kwa kuwa Japani na Kenya zote hutumia usukani wa kulia, gari linalokataliwa Tokyo linakuwa tayari kwa barabara za Nakuru bila mabadiliko.

Upande wa Kenya, kiwango cha ubora cha KS 1515:2000 ndicho kinachoongoza. Kiwango hicho kinataka gari liwe na usukani wa kulia, likaguliwe kabla ya kusafirishwa, na umri wake usizidi miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza.

Ni kanuni hii ya miaka minane ambayo imebadilisha soko la Wish. Mwaka wa 2025 ulipoanza, magari yaliyoruhusiwa kuingia nchini yalikuwa yale yaliyosajiliwa mwaka wa 2018 au baadaye. Wish la mwisho lilitoka kiwandani Oktoba 2017. Kwa hivyo, mlango ulifungwa karibu kabisa kuanzia mwaka huo, na ulipofika 2026 hapakuwa na shaka tena.

Majirani wa Kenya wana kanuni tofauti. Nchini Uganda, sheria iliyorekebishwa mnamo 2018 ilipiga marufuku magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na yale ya zamani hutozwa ushuru wa mazingira. Tanzania haikuweka marufuku ya aina hiyo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyopita miaka minane. Maana yake ni kwamba Mganda na Mtanzania bado wanaweza kuagiza Wish la toleo la pili, ilhali Mkenya hawezi.

KODI NA UKUBWA WA INJINI

Hata kabla ya mlango kufungwa, Wish lilikuwa limeanza kupoteza mvuto kwa waagizaji kutokana na ukubwa wa injini yake. Sheria ya Fedha ya 2019 iliongeza ushuru wa bidhaa kwa magari yenye injini inayozidi sentimita 1,500 kutoka asilimia 20 hadi asilimia 25. Yale ya sentimita 1,500 au chini yaliendelea kutozwa asilimia 20.

Wish, likiwa na injini ya takriban sentimita 1,800 au 2,000, liliangukia kundi la juu. Mpinzani wake wa nyumbani, Toyota Sienta, lina injini ya sentimita 1,496, nalo lina viti saba na milango ya nyuma ya kuteleza. Toleo la pili la Sienta lilizinduliwa Japani Julai 2015, na la tatu Agosti 2022. Haishangazi kwamba waagizaji wengi wamehamia huko.

Hata hivyo, magari hayo mawili si sawa. Sienta la toleo la pili lina urefu wa milimita 4,235 pekee, tofauti ya zaidi ya sentimita 30 likilinganishwa na Wish. Injini yake ndogo huhisi uzito pale gari linapobeba watu saba na kupanda miinuko kama ile ya kutoka Naivasha kuelekea Limuru. Anayesafiri mara kwa mara na familia nzima hadi mashambani huenda akaona Wish bado lina faida.

MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KUNUNUA

Kwa kuwa magari yanayouzwa sasa yamekuwa katika barabara za Kenya kwa miaka kadhaa, mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu. Yafuatayo ni mambo ya kimsingi.

Kwanza, tambua injini. Fungua boneti na usome nambari ya chesisi. Magari ya D-4, yaani ANE10 na ANE11, yanahitaji uangalifu zaidi. Kwa sababu petroli huingia moja kwa moja katika silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, na hivyo haizisafishi. Masizi hujikusanya hapo hatua kwa hatua. Gari huanza kutetema likiwa limesimama, au huzimika lenyewe. Pampu yake ya shinikizo la juu pia haivumilii petroli chafu. Jambo hili si dogo nchini Kenya, ambako kuchanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli lilikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba serikali iliwekea mafuta ya taa ada maalumu ya Sh18 kwa lita mnamo 2018 ili kukomesha mtindo huo.

Pili, chunguza oili. Vuta kijiti cha kupimia na uangalie kiwango pamoja na rangi yake. Mwombe mwenzako asimame nyuma ya gari wakati unapokanyaga mafuta. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inakula oili. Injini ya 1ZZ-FE katika miaka yake ya mwanzo ilisifika kwa tabia hiyo kabla ya Toyota kurekebisha pistoni zake, na injini yoyote iliyozeeka bila kubadilishiwa oili kwa wakati inaweza kuangukia shida hiyo hiyo.

Tatu, jaribu giaboksi. Katika gari lenye CVT, ondoka polepole kutoka mahali pasipo na mteremko. Gari halipaswi kutetema wala kusitasita. Kisha panda mwinuko. Ukisikia mlio mkali unaoongezeka bila gari kuongeza mwendo, afadhali utafute jingine. Muulize mwenye gari ni oili gani aliyotia katika giaboksi. Oili ya CVT si sawa na ile ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, na fundi anayetumia moja badala ya nyingine huharibu kifaa ambacho bei yake inaweza kumkausha mtu mfuko.

Nne, chungulia chini ya gari. Wish liko chini na liliundwa kwa ajili ya lami laini. Wamiliki wengi nchini huliinua kwa kutia vipande vya chuma au mpira juu ya springi. Kuinua kidogo kunaweza kusaidia katika barabara za vumbi, lakini kuinua kupita kiasi hubadilisha pembe ya vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele, na huvichakaza haraka. Pia huliongezea gari uwezekano wa kuyumba katika kona.

Tano, hakikisha stakabadhi. Kupitia jukwaa la eCitizen, mnunuzi anaweza kulipia nakala ya rekodi za gari kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) na kujua mmiliki halisi ni nani, na iwapo kuna benki inayolidai. Linganisha nambari ya chesisi iliyo katika rekodi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe.

Sita, usiamini mita ya kilomita pekee. Gari lililotumika kama teksi au matatu huonekana kwa viti vilivyobonyea, usukani uliong'aa kwa kushikwa, pedali za breki zilizolika na mashimo ya skrubu mahali palipofungwa vifaa. Ikiwa mita inasema kilomita 70,000 na pedali zinasema vingine, ziamini pedali.

Saba, uliza kuhusu mifuko ya hewa. Kasoro ya mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilisababisha mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali duniani, Toyota ikiwa mojawapo, kuitwa yarejeshwe kwa marekebisho. Gari lililoondoka Japani kabla ya kurekebishwa huenda likafika huku likiwa na kasoro hiyo. Nambari ya chesisi inatosha kumwezesha mwakilishi wa Toyota kuangalia.

VITI SABA, WATU SABA

Hakuna makala kuhusu Wish yanayoweza kukamilika bila kugusia usalama wa abiria. Katika maeneo mengi ya mashambani, magari ya aina hii hutumika kubeba abiria, na si ajabu kukuta watu kumi au zaidi wamesongamana ndani, wengine wakiwa wamekaa katika buti pamoja na mizigo.

Gari hili halikuundwa kufanya hivyo. Breki, tairi na springi zake zilipimwa kwa watu saba na mizigo michache. Uzito unapozidi, gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, tairi hupata joto na kupasuka, nayo sehemu ya nyuma hushuka hadi taa za mbele zikawapofusha madereva wanaokuja. Mtu aliyekaa pasipo na kiti hana mkanda, na gari likigonga atarushwa na kuwaumiza hata wale waliojifunga. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mnamo Februari 2004, zilizopata umaarufu kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilisisitiza mikanda kwa kila abiria wa magari ya umma. Miaka mingi baadaye, hitaji hilo bado ni halali.

Hata familia inayolitumia gari kwa safari zake inapaswa kuzingatia mambo mawili. Safu ya tatu ina nafasi finyu ya miguu, na inawafaa watoto wakubwa au watu wafupi kwa safari fupi. Pia, viti vyote saba vinapokuwa vimeinuliwa, nafasi ya mizigo inayobaki nyuma ni ndogo sana. Mizigo ikirundikwa hadi kufikia kioo cha nyuma, dereva haoni anachokiacha nyuma, na mfuko mzito unaweza kuruka mbele breki zinapofungwa ghafla. Familia ya watu watano itapata raha zaidi kwa kulaza safu hiyo na kuitumia sakafu kubebea mizigo.

KWA NINI LILIACHWA

Swali ambalo Wakenya wengi huuliza ni kwa nini kampuni iache kuunda gari linalopendwa kiasi hiki. Jibu ni kwamba Toyota haikuwa ikiwaundia Wakenya. Wateja waliohesabiwa ni wale walionunua gari jipya nchini Japani, na wateja hao walikuwa wamebadilika.

Familia za Kijapani zilianza kupendelea magari marefu kwa kimo, yenye milango ya kuteleza ambayo mtoto hawezi kuifungua ikagonga gari la jirani katika maegesho yaliyobana. Noah, Voxy na Sienta zilikidhi haja hiyo. Wengine walihamia magari ya kimo cha juu yanayofanana na ya safari za mwituni. Waliojali zaidi matumizi ya petroli walipata Prius α, lililozinduliwa Mei 2011 likiwa na toleo la viti saba na injini inayosaidiwa na umeme.

Magari ya chini yenye safu tatu yalitoweka moja baada ya jingine. Honda iliacha kuunda Stream mnamo 2014. Wish lilifuata mnamo Oktoba 2017, nalo Toyota Isis, ambalo ni ndugu yake wa karibu, likafuata mwishoni mwa mwaka huo. Mazda Premacy, ambalo katika masoko mengine huitwa Mazda5, lilifikia tamati mapema mwaka wa 2018.

Kwa Kenya, matokeo yake ni kwamba idadi ya magari ya Wish nchini haiwezi tena kuongezeka kutoka ng'ambo. Kila moja linaloharibika kabisa katika ajali hupunguza idadi hiyo. Vipuri bado vinapatikana kwa urahisi, kwa kuwa injini zake zilitumika pia katika magari mengine mengi ya Toyota, na hilo litayasaidia yaliyopo kudumu kwa miaka mingi.

Mnunuzi wa leo, kwa hivyo, asiharakishwe na dalali anayemwambia kwamba magari yanaisha na bei itapanda. Wish lililotunzwa vizuri, lenye rekodi za matengenezo na mmiliki mmoja anayejulikana, linastahili kulipiwa zaidi ya lile lililopakwa rangi upya ambalo historia yake haijulikani. Na akishalinunua, akumbuke kwamba idadi ya mikanda iliyomo ndiyo idadi ya watu wanaopaswa kuingia.